Kisima cha Viroba vya Chumvi

Mto wetu ni mto wa nusu mwaka. Masika unakuja na kelele, umebeba magogo, mbuzi wa watu na kandambili za mguu mmoja. Kiangazi unaondoka bila kuaga, unatuachia mchanga. Mgeni akipita darajani hapa Bariadi wakati wa jua kali lazima aulize, "Mto wenyewe uko wapi?" Mimi huwa namjibu, "Umeenda ziwani mara moja, umesema tumsalimie mgeni." Lakini mto haujaenda popote. Uko chini ya mchanga, umelala. Ukichimba mpaka kifuani unaukuta, maji ya baridi, yanapanda polepole kama mtu anayeamshwa hataki.

Mimi kazi yangu ni kupakia mchanga. Nilimaliza darasa la saba, matokeo yakatoka, sekondari ikanikataa, koleo likanipokea bila mtihani. Tunasimama pale mtoni vijana, lori linarudi kinyumenyume, tunalijaza, linaenda mjini kujenga nyumba za watu. Kwa hiyo mchanga wa mto huu naujua kwa mgongo.

Mle mtoni kila familia ina kisima chake. Hakuna hati wala mpaka uliochorwa, ila kila mtu anajua. Unachimba pale alipochimba baba yako, unazungushia miiba ili ng'ombe wa watu wasiingie, pembeni unatengeneza birika la kunyweshea wa kwako. Cha kwetu kiko kwenye kona, mto unapokata kushoto. Mama yangu, ambaye sisi Wasukuma tunamwita mayu, anakisifia kisima hicho kuliko anavyonisifia mimi.

"Maji haya yamechujwa na mchanga wa Mungu," anasema. "Ya bomba yamechujwa na nani? Na mtu wa ofisini, tena siku hiyo hajalipwa."

Hoja hiyo hakuna aliyewahi kuishinda.

Tatizo la kisima cha mchanga ni kuta. Unachimba leo, kesho asubuhi umejifukia. Ng'ombe akikanyaga pembeni, umekwisha. Baba alipofariki, kazi ya kuchimba ikawa ya kaka yangu na mimi, na kwa kuwa kaka ndiye mwenye akili na mimi ndiye mwenye mdomo, yeye ndiye aliyepata wazo. Akaenda kwa muuza chumvi ya ng'ombe, akaomba viroba vitupu, ile mifuko ya salfeti iliyofumwa, myeupe yenye mistari ya bluu. Akavijaza mchanga, akavishona midomo, akavipanga kuzunguka kisima kama matofali. Akapanga na kwenye birika.

Kisima kikasimama. Siku zikapita, kimesimama tu. Kina mama wa jirani wakaja kukiangalia kama wanaangalia mtoto mchanga.

"Mtoto wako ana kichwa," wakamwambia mayu.

"Yupi?" nikauliza.

"Sio wewe."

Kiangazi kilichofuata mto mzima ulikuwa umevaa viroba. Kila kona, kila familia. Masika yakija maji yanavizoa, yanavichana, vingine yanavifukia hukohuko chini, na kiangazi kipya tunaleta vingine. Mifuko ya rambo serikali ilishaipiga marufuku, tukajiona tumemalizana na plastiki. Kiroba hakuna aliyekihesabu. Kiroba tunakikalia, tunakilalia, tunakibebea pumba. Kitu kimoja tu tulishakatazwa: kupeleka pamba sokoni ndani ya kiroba. Wanunuzi wanakufukuza, wanasema nyuzi zake zinaharibu pamba. Tukaelewa. Nyuzi zinaharibu pamba. Kuhusu maji hakuna aliyesema neno, na sisi hatukuuliza.

Sasa kiroba cha salfeti kina tabia yake. Kikikaa juani msimu mmoja kinakuwa kama jani kavu. Ukikigusa kinatoka unga na vichenga, vidogo kuliko chenga za mchele, vyeupe na bluu. Asubuhi ukienda kuchota, juu ya maji unakuta vinameremeta. Mayu alikuwa anavisukuma pembeni kwa kata, anachota. Chini ya mtungi nyumbani vilikuwa vinabaki kama vumbi la chaki.

"Ni chumvi hiyo," alisema. "Viroba si vilikuwa vya chumvi?"

Na mimi nilianza kuviona kazini. Unachimba mchanga, kwenye kina cha mkono mmoja unakuta mstari wa vichenga vya bluu. Unashuka tena, mchanga safi, halafu mstari mwingine. Masika na masika, kama miaka imepangwa kabatini. Siku moja nikiwa mjini naegemea nyumba mpya, nikaona uzi mweupe unatokeza kwenye plasta. Nikauvuta. Ukaja. Nikavuta tena, ukaja tena, mpaka plasta ikaanza kupasuka. Nikauacha, nikaondoka taratibu kama mtu asiyehusika. Nyumba ya mtu, na mchanga niliupakia mimi.

Nawaeleza haya ili muelewe habari ya mtamba.

Kaka alikuwa amepata mchumba, binti wa Kalemela, kule ziwani. Watu wao ni wavuvi na wakulima, sisi ni watu wa ng'ombe na pamba. Mahari yakapangwa, na kwetu mahari hayamalizwi kwa maneno. Upande wa binti wanakuja wenyewe zizini kukagua ng'ombe, mmoja mmoja, kama unavyokagua papai sokoni. Asiyeridhisha anakataliwa hapohapo, mbele ya watu, na aibu yake mnabaki nayo ninyi.

Sisi hatukuwa na ng'ombe wa kutosha. Kusema kweli tulikuwa na pungufu ya mmoja, na mmoja huyo ndiye alikuwa anamnyima kaka usingizi. Tegemeo lilikuwa mtamba wetu mwekundu. Tumbo lake lilikuwa limeanza kujaa. Kama ana mimba, atahesabiwa wawili, yeye na ndama, na hesabu inatimia. Kama hana, hakuna harusi msimu huo, na baba wa binti alikuwa ameshasema yupo mwingine anayebisha hodi, tena mwenye boti.

Mtamba yule alikuwa na mapenzi na kisima. Ng'ombe wengine wakinywa wanaondoka, yeye anabaki anaramba viroba vya birika. Chumvi ilikuwa imeingia kwenye nyuzi, haitoki. Anaramba, anaramba, halafu anauma kipande, anakivuta, anatafuna macho yamefumbwa. Mayu alikuwa anamwangalia kwa furaha.

"Mwenye mimba anatamani vitu," alisema. "Mimi nikiwa na wewe nilikuwa nakula udongo."

"Ndiyo maana nimekuwa mpakia mchanga," nikamwambia. Akanirushia kata.

Wakwe wakaja. Wazee watatu, wananukia samaki, wamebeba dagaa kwenye kiroba, kwa sababu kila kitu duniani kinasafiri ndani ya kiroba. Wazee wa ukoo wetu wakawapokea.

"Mwadila."

"Mwadila. Mhola?"

"Mhola."

Baba wa binti alikuwa mrefu, mkimya, jicho moja analibana kama bado anaangalia jua la ziwani. Akaingia zizini. Anashika mdomo, anaangalia meno. Anainua mkia. Anapapasa mbavu. Alipofika kwa dume letu moja jembamba akasimama muda mrefu.

"Huyu atafika Kalemela au atafia njiani, Lamadi?"

Wazee wetu wakaangalia chini. Nikaona niokoe ukoo.

"Mzee, huyu anataka maji ya ziwa tu. Akiyanywa atanona mpaka mtamkimbia."

Akanigeukia. "Wewe ni nani?"

"Mdogo wake bwana harusi."

"Basi tulia. Ng'ombe wa mahari yako hatujaja kuwakagua, na kwa mdomo huo hatutakuja."

Watu wakacheka, hata kaka. Dume likapita. Halafu mzee akafika kwa mtamba. Akaweka kiganja kwenye ubavu. Akasukuma kidogo, akasubiri. Akainama, akaweka sikio.

"Huyu ni wawili," akasema.

Kaka alinishika mkono akaubana mpaka nikasikia mfupa. Yakakubaliwa: pamba ikishauzwa ng'ombe wanapelekwa Kalemela, mtamba akiwa na ndama wake, na binti analetwa. Jioni ile tulikula dagaa wa wakwe. Wazuri, wachungu kidogo. Nilisikia kitu kinateleza kwenye meno, kama uzi. Nikakitema, nikaendelea.

Tumbo likaendelea kukua. Tumbo tu. Mgongo wa mtamba ulianza kutoka nje, mbavu zikaanza kuhesabika, na chini tumbo linazidi kushuka, gumu upande wa kushoto. Nilikuwa natania kila anayepita. "Huyu hazai ndama, anazaa lori." Watu wanacheka. Jioni mayu anampapasa, anaongea naye kwa Kisukuma maneno ambayo mimi mwanae sijawahi kuambiwa.

Halafu siku moja nikamkuta mayu amechuchumaa chini ya mtamba, anakamua chuchu. Kiwele kilikuwa kidogo, kimesinyaa kama mfuko usio na kitu.

"Angekuwa amejaa sasa hivi," alisema.

"Mimba ya kwanza inachelewa," kaka akajibu kutoka mlangoni. Alijibu haraka mno.

"Hacheui pia."

"Mayu, ana mimba. Mzee mwenyewe amesema ni wawili."

"Mzee ni mvuvi," mayu akasema. "Samaki hapapaswi tumbo, anapasuliwa."

Kaka akaondoka. Tangu siku hiyo alikuwa anamnywesha mwenyewe, anampeleka kisimani mapema kabla ya ng'ombe wote, amwache arambe anavyotaka. Alikuwa anamwonea huruma. Alidhani anamlisha mtoto.

Ilipofika wakati mtamba halali vizuri, anasimama tu amepanua miguu, anatoa sauti ya mtu anayesukuma mlango, mayu alimwita bwana mifugo bila kumuuliza mtu. Akaja na pikipiki, kijana wa makamo, mcheshi. Akavaa glavu ndefu ya plastiki mpaka begani, akaipaka sabuni, akaingiza mkono. Sisi tumesimama tunamwangalia uso, kama unavyomwangalia mtu anayesoma matokeo ubaoni. Ucheshi ukamtoka kidogo kidogo.

Akatoa mkono. "Humu hakuna ndama."

"Ametoka?" kaka akauliza. Swali la kijinga, lakini hata mimi lilikuwa mdomoni.

"Hajawahi kuwemo. Hili sio tumbo la uzazi, ni tumbo la majani." Akaligonga. Lilitoa sauti ya kufa, kama unagonga gunia lililolowa. "Mnawalisha nini?"

Mtamba akageuza shingo akatuangalia.

Alisema mngeniita mapema tungempasua tukamsafisha, wengine wanapona. Sasa hana nguvu, akilala hatanyanyuka, bora achinjwe akiwa bado anasimama. Kaka alikwenda nyuma ya nyumba. Tuliomba shehe wa jirani, akaja akachinja. Mtamba hakupigana. Nilimshika pembe mimi.

Bwana mifugo mwenyewe ndiye aliyelipasua tumbo. Kilichotoka kwanza ni harufu. Halafu likatoka furushi. Nilidhani ni ndama, naapa, kwa sekunde moja wote tulidhani ni ndama, kwa sababu lilikuwa na ukubwa wa ndama na lilikuwa limejikunja kama ndama. Akalivuta kwa mikono miwili. Nyuzi. Nyuzi nyeupe na bluu zimesukwa, zimekaza, zimekuwa kitu kimoja kama kamba ya meli. Ukubwa ule wote ulikuwa kiroba juu ya kiroba.

Nyuma ya furushi yakatoka maji ya tumbo, kijani. Na juu ya maji yale vinaelea vichenga. Vinameremeta.

Mayu akavitazama. Akaingia ndani, akatoka na mtungi. Akamimina maji yote mpaka chini kabisa, akakinga mabaki kwenye kiganja, akaja akachuchumaa, akaweka kiganja chake kando ya tumbo lililopasuliwa. Vilevile. Rangi ileile, umbo lilelile.

"Sio chumvi," akasema.

Bwana mifugo alikuwa anavua glavu. Mayu akamuuliza, "Hivi vikubwa vimemuua. Hivi vidogo?"

"Vidogo vinapita, mayu. Vingine vinapita."

"Na visivyopita?"

"Hilo sijui. Kuna wanaopima huko mijini. Ninachojua, kiroba hakiozi. Kinakuwa kidogo tu, halafu kidogo zaidi. Unaacha kukiona, ila kipo."

Majirani wakaja kuchukua nyama. Nyama haina kosa, walisema. Kila nyumba ilipika jioni ile. Mayu hakugusa.

Ikabaki habari ya wakwe. Kwetu ng'ombe wa mahari akifa kabla hajakabidhiwa, huendi na mdomo mtupu, unaenda na ushahidi. Wengine wanapeleka ngozi. Mayu akasema ngozi haitoshi, ngozi ya ng'ombe aliyekufa na ya aliyeuzwa buchani ni moja. "Pelekeni kilichotoka tumboni. Na wewe," akanielekezea kidole, "usiongee." Kipande cha furushi kikaingia kwenye ndoo, maji yale ya kijani yakaingia kwenye dumu. Kaka akaendesha pikipiki ya kuazima, mimi nyuma nimepakata ndoo. Njia nzima ilikuwa inanuka, na mgongo wa kaka ulikuwa mgumu kama ubao.

Kalemela tulimkuta mzee ufukweni. Kina mama walikuwa wamekaa kando ya dagaa walioanikwa, wanachambua. Nilidhani wanatoa mawe. Mikono inaenda haraka, kama wanachambua mchele, na kila mmoja ana kikopo pembeni anatupia. Tukaamkia, tukapewa pa kukaa. Kaka akafunua ndoo, akaeleza. Alieleza vizuri, bila kuficha.

Mzee akalibana lile jicho. Hakukasirika. Akamwita binti mmoja aliyekuwa anachambua.

"Leta kikopo chako."

Ndiye mwenyewe, mchumba wa kaka. Alikuwa na khanga kiunoni na magamba mkononi. Mzee akamimina kikopo kwenye mchanga, kando yake akamimina kidogo dumu letu. Vichenga vyeupe na bluu. Ungevichanganya usingejua cha nani ni kipi.

"Hivi nilikuwa nauliza vinatoka wapi," binti akasema. Alimtazama kaka, sio mimi. "Kila mvua ikinyesha huko juu, vinakuja. Vinanasa kwenye nyavu, vingine viko ndani ya dagaa wenyewe, vile hatuwezi kuvitoa. Kumbe ni ninyi."

Pale ndipo nilipovunja amri ya mayu. "Basi mlipotuletea dagaa mlituletea viroba vyetu. Mmetukaushia tu."

Hata mmoja hakucheka. Maneno yalibaki pale juu ya mchanga, na nilipoyasikia nikaona kuwa sio utani.

Mzee akasema harusi haivunjiki. Mtafute mwingine badala ya mtamba, msimu ujao, atasubiri. Mwenye boti ataambiwa. "Kinachonisumbua sio ng'ombe," akasema. "Ng'ombe mmeshamla. Mwanangu anakuja kunywa kwenye kisima kilekile. Toeni vile vitu kabla hajafika."

"Tutavitoa, baba," kaka akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita baba.

Kesho yake alfajiri tulikuwa mtoni. Kaka alishika kiroba cha juu, akavuta. Kikabaki mkononi, yaani unga. Mchanga wa ndani ukamwagika kisimani pamoja nao. Akashika cha pili kwa uangalifu, kama unavyonyanyua yai. Kikapasuka vilevile. Tulijaribu na koleo, tulijaribu kuchimba nyuma yake, kila tulipogusa vilikuwa vinaachia vichenga, na upepo wa asubuhi ukaanza kuvibeba. Vilikuwa vinapita juu ya mchanga kama kumbikumbi, vinaelekea kushoto, mto unakoelekea. Maji ya kisima yakawa meupe juu. Tulivyozidi kutoa ndivyo tulivyozidi kuweka.

Kaka akakaa chini. Mikono yake ilikuwa inang'aa.

"Tuache," nikamwambia. "Tuchimbe kipya, bila kiroba."

Tukachimba pembeni, hatua chache juu. Mchanga ukatoka safi. Nikafurahi, nikaanza kuimba. Halafu koleo likafika kwenye mstari wa bluu. Masika ya nyuma. Chini yake tena mwingine. Maji yakapanda polepole, kama kawaida, yamepita humo humo.

Msimu uliofuata kaka alinunua mtamba mwingine, mwenye mimba ya kweli. Bwana mifugo aliingiza mkono kabla hatujalipa. Harusi ikafanyika. Nilicheza mpaka nikapoteza kiatu.

Kwetu bibi harusi akishafika, moja ya kazi zake za kwanza ni kwenda kisimani kwa mama mkwe, achote, arudi na ndoo kichwani watu wamwone. Shemeji akaenda. Aliporudi hakumimina moja kwa moja kwenye mtungi. Alivua khanga yake mpya ya begani, akaikunja mara mbili, akaifunga kwenye mdomo wa mtungi, akachuja taratibu. Wanawake wakaguna. Bibi harusi anachuja maji ya mama mkwe! Akamaliza, akaifungua khanga, akamwonyesha mayu.

Mayu akaviona vichenga.

"Mwaga," akasema. "Kachote tena."

Akaenda tena, akarudi, akachuja. Vilikuwepo. Mayu akaichukua ile khanga, akaikung'uta mwenyewe, akamrudishia.

"Basi uwe unachuja hivyohivyo, mwanangu. Mpaka watakapotuletea maji ya bomba."

"Vya kuonekana nitavichuja, mayu," shemeji akajibu.

Bomba hatujapata bado. Mchanga bado napakia. Viroba mtoni wamebaki navyo wengi, nikiwaambia wananijibu, "Wewe si mtani wa kila mtu?" Ndio gharama ya mdomo wangu, nikisema la kweli wanasubiri sehemu ya kucheka.

Sasa hivi shemeji ni mjamzito. Tumbo limeanza kuonekana juzijuzi. Majirani wanakuja kumpongeza mayu, wanaleta karanga, wanaleta maneno. Mayu anapokea, anashukuru, na wakishaondoka anakwenda kukagua khanga ya mtungini kama imefungwa vizuri. Kaka akiingia anamtazama mkewe tumboni, halafu anatazama pembeni haraka. Najua anachokiona, nami nakiona. Utani ninao, tena mzuri, uko hapa kwenye ulimi tangu siku ya kwanza. Sijautoa.

Jana jioni nilimkuta shemeji amekaa kizingitini, ameweka kiganja ubavuni, ametulia kama mtu anayesikiliza ukuta.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

"Amegeuka," akasema. "Njoo uone, shemeji, amegeuka sasa hivi."

Nikabaki nimesimama na ndoo mkononi. "Una uhakika?"

Akacheka. Akaanza kunijibu, halafu akaona uso wangu, akaacha kucheka. Akarudisha kiganja palepale, tukasubiri wote wawili ageuke tena.